Pointi 135 Zisizonunua Kombe

Tarehe 30 Aprili 2023 Boston Bruins walikuwa nyumbani, wanaongoza 3-2, imebaki dakika moja hivi mechi ya saba iishe. Timu hiyo ilikuwa imetoka kuandika rekodi mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia katika ligi ya hoki ya barafu ya NHL: ushindi 65 na pointi 135 ndani ya msimu mmoja wa mechi 82. Mbele yao walisimama Florida Panthers, waliopenya kwenye mtoano kwa pointi 92 wakiwa wa nane na wa mwisho upande wa Mashariki. Florida wakamtoa kipa, wakaingiza mshambuliaji wa sita, na Brandon Montour akasawazisha. Katika muda wa nyongeza Carter Verhaeghe akafunga la nne. Boston walikuwa wameongoza mfululizo huo kwa mechi 3-1, wakautema.

Mtu akidhani hilo lilikuwa jambo la ajabu, arudi nyuma miaka minne. Tampa Bay Lightning walimaliza msimu wa 2018-19 na ushindi 62 na pointi 128. Katika raundi ya kwanza walikutana na Columbus, wakaongoza mechi ya kwanza 3-0, wakafungwa 4-3, kisha wakalala 5-1, 3-1 na 7-3. Mechi nne, safari imekwisha. Tangu msimu wa 1985-86 NHL hutoa taji maalumu kwa timu yenye pointi nyingi kuliko zote. Hadi kufikia 2025 ni timu nane tu zilizochukua taji hilo na Kombe la Stanley, lile la bingwa wa mtoano, kwa mwaka mmoja, na ya mwisho ni Chicago ya 2013, tena msimu wenyewe ulikuwa umekatwa hadi mechi 48.

Maelezo ya vijiweni huwa mawili: laana, au bahati. La laana tuwaachie wenyewe. La bahati lina ukweli mkubwa kuliko makocha wanavyopenda kukiri, na nitalirudia kwa hesabu. Ila kuna sababu ya tatu ambayo watu huiruka: msimamo wa ligi unapima mchezo mmoja, na mtoano unachezwa mchezo mwingine. Barafu ni ileile, fimbo zilezile, lakini vitu vinavyokupa pointi Novemba havipo kabisa Mei.

Tuanze na pointi zenyewe. Katika msimu wa kawaida ushindi ni pointi mbili, lakini timu inayofungwa baada ya dakika 60 huondoka na moja. Mechi ikiwa sare, zinachezwa dakika tano za watatu kwa watatu, barafu yote wazi, kisha mikwaju ya mmoja mmoja dhidi ya kipa. Timu yenye vijana watatu wenye kasi na kipa hodari wa mikwaju inaweza kukusanya pointi nyingi kwa ufundi huo peke yake. Mtoano ukianza, yote hayo yanafutwa. Sare inaamuliwa kwa watano kwa watano, vipindi kamili vya dakika 20, bao la kwanza ndilo la mwisho, na hakuna mikwaju hata kukikucha. Pointi ya kufutia machozi nayo haipo.

Halafu kuna ratiba. Mechi 82 ndani ya miezi sita hivi maana yake ni kwamba mara nyingi unamkuta mpinzani aliyecheza jana mji mwingine, ametua saa nane usiku, na amempanga kipa wa akiba. Timu kubwa huvuna sana hapo. Kwenye mtoano wa timu 16 hakuna wa kuvunwa hivyo. Raundi nne, kila raundi anapita mwenye ushindi wa kwanza wa nne kati ya mechi saba, na bingwa lazima afikishe ushindi 16 kuanzia katikati ya Aprili hadi Juni. Mpinzani ni yuleyule, kila baada ya siku moja au mbili, kwa wiki mbili. Mechi mbili za mwanzo ni kwa aliyemaliza juu, mbili zinazofuata ni ugenini kwake, kisha wanapokezana moja moja, na ya saba inarudi kwake.

Sasa hiyo hesabu ya bahati. Kipa wa kawaida wa NHL siku hizi huokoa kama asilimia 90 ya mashuti. Chukulia timu inapigiwa mashuti 30 kwa mechi. Mfululizo wa mechi saba ni mashuti 210. Kipa wa asilimia 90 ataruhusu mabao 21 kwa wastani, na wa asilimia 93 ataruhusu kama 15. Mabao sita katika mechi saba, ambapo nusu ya mechi zinaamuliwa kwa tofauti ya bao moja au mawili, ni mfululizo mzima. Lakini angalia upande wa pili wa sarafu: ukipiga hesabu ya kawaida ya uwezekano kwa mashuti 210, kupishana kwa mabao manne juu au chini ni jambo la kawaida kabisa bila kipa kubadilika hata chembe. Yaani kipa yuleyule wa asilimia 90 anaweza kuonekana wa 92 wiki hizi mbili na wa 88 wiki zijazo. Kwa msimu mzima, mashuti 1,800 au zaidi, kelele hiyo hushuka hadi chini ya asilimia moja. Msimu unamjua kipa. Mfululizo mmoja haumjui, unamkopesha tu.

Ndiyo maana Jonathan Quick wa Los Angeles mwaka 2012 aliweza kuibeba timu iliyoingia ikiwa ya nane upande wa Magharibi hadi kulitwaa Kombe, akiokoa asilimia 94.6. Ndiyo maana pia Jean-Sébastien Giguère wa Anaheim alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano wa 2003 ilhali timu yake ilifungwa fainali. Na mfano mkubwa kuliko yote ni Montreal ya 1993, timu ya mwisho ya Canada kulitwaa Kombe kwa hesabu ya hadi 2025. Walishinda mechi 16 na kupoteza nne. Kati ya hizo 16, kumi zilikuwa za muda wa nyongeza, mfululizo, baada ya kupoteza ule wa kwanza kabisa. Kama kila muda wa nyongeza ni kurusha shilingi, kupata kichwa mara kumi mfululizo ni nafasi moja kati ya 1,024. Patrick Roy alikuwa kipa wa kutisha, sawa, lakini hata Roy hakuwa na uwezo wa kuamuru shilingi iangukie wapi mara kumi.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala: basi ni kamari. Mimi nasimama hapohapo na kuuliza swali la Tampa. Timu iliyotupwa nje kwa mechi nne mwaka 2019 ilichukua Kombe 2020, ikalichukua tena 2021, na 2022 ikafika fainali. Kocha alikuwa yuleyule, Jon Cooper. Nyota walikuwa walewale: Nikita Kucherov, Brayden Point, Victor Hedman, kipa Andrei Vasilevskiy. Walibadilisha nini?

Walibadilisha safu ya tatu. Kwa asiyefuatilia: timu huvalisha wachezaji 20, makipa wawili, mabeki sita na washambuliaji 12. Washambuliaji hao hugawanywa safu nne za watatu watatu, zinapokezana barafuni kama vibarua wa zamu. Safu ya kwanza na ya pili ndizo za magoli. Ya tatu na ya nne, msimu wa kawaida, hujaza dakika. Februari 2020 Tampa walifanya biashara mbili zilizochekwa na wengi: walitoa haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza ili kumpata Blake Coleman, na nyingine kumpata Barclay Goodrow. Chaguo la raundi ya kwanza kwa mtu wa safu ya tatu! Wakawaunganisha na Yanni Gourde. Watatu hao walipewa kazi ambayo haionekani kwenye orodha ya wafungaji: kuanza zamu wakiwa upande wao wa ulinzi, dhidi ya nyota wa mpinzani, na kuumaliza muda huo upande wa pili. Point na Kucherov wakaachiwa kucheza dhidi ya watu dhaifu zaidi. Juni 2021, mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya New York Islanders, matokeo yalikuwa 1-0. Aliyefunga ni Gourde, tena timu yake ikiwa na pungufu la mtu mmoja barafuni.

Wasomaji makini watasema: watatu hao waliondoka wote baada ya 2021 na bado Tampa walifika fainali ya 2022. Kweli, na walifungwa na Colorado katika mechi sita. Sisemi safu ya tatu ndiyo siri pekee. Nasema ndiyo kitu ambacho msimamo wa ligi haukipi thamani, na mtoano hukipa, kwa sababu moja ya kiufundi ambayo ni haki ya kubadilisha mwisho.

Mchezo ukisimama, timu ngeni lazima itume wachezaji wake barafuni kwanza. Kocha wa nyumbani anaangalia walioingia, kisha anachagua wake. Msimu wa kawaida faida hii hutumika kwa uvivu. Mpinzani unamwona mara mbili hadi nne kwa mwaka, huna muda wa kumsoma. Katika mechi saba inakuwa silaha. Kocha wa nyumbani anambandika beki wake bora kwenye mgongo wa nyota wako usiku kucha, na ukifika mchezo wa tatu kila mtu anajua nani anamfuata nani. Kocha mgeni anabaki na hila ya kubadilisha mchezo ukiwa unaendelea: anamtuma mtu wa safu ya nne kwenye mdondosho wa kisahani (mwamuzi anapokidondosha kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira, ili mchezo uendelee), sekunde kumi zikipita anamvuta benchi na nyota anaruka ukuta. Hila hiyo hulipa, lakini kila mabadiliko ya haraka ni nafasi ya kukosea, na kukosea kwa sekunde mbili hapo ni watatu dhidi ya wawili kuelekea kwa kipa wako.

Na hapa niseme kitu kuhusu zamu, kwa sababu ndiko mechi nyingi za mtoano zinakofia. Zamu moja ya mshambuliaji ni sekunde 40 hadi 50. Ikizidi dakika, miguu inajaa, fimbo zinaanza kulegea mikononi, na mtu anasimama wima badala ya kuinama kwenye goti. Benchi la kila timu liko upande mmoja wa uwanja wenye urefu wa mita 61. Kipindi cha kwanza na cha tatu, benchi lako liko karibu na lango unalolinda. Ukichoka unatoka kwa hatua chache. Kipindi cha pili timu zinabadilishana upande, na benchi sasa liko mbali, ng'ambo ya mstari wa katikati. Beki aliyebanwa upande wake hawezi kutoka bila kuacha pengo. Kipindi cha pili kina mabao mengi kwa sababu hiyo, na muda wa kwanza wa nyongeza, kwa kuwa ni kipindi cha nne, una umbali uleule mrefu.

Timu iliyobanwa hivyo ina mlango mmoja wa dharura: kukirusha kisahani kutoka nyuma ya mstari wa katikati hadi mwisho wa uwanja. Lakini hilo ni kosa, kisahani kinarudishwa kudondoshwa karibu na lango lako, na tangu 2005 watano waliofanya hivyo hawaruhusiwi kubadilishwa. Mpinzani yeye anaingiza miguu mibichi. Hata ile sekunde 30 ya mapumziko ambayo kila kocha anayo moja kwa mechi, siku hizi timu iliyofanya kosa hilo hairuhusiwi kuiomba. Kwa hiyo unawaona watano wameshika magoti, wanasubiri mdondosho, na kila mtu uwanjani anajua kinachokuja. Kama wakikosea zaidi na kukipitisha kisahani juu ya kioo kutoka eneo lao, mmoja anaenda kukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili.

Tampa ya 2019 ilikuwa na mashambulizi ya watano kwa wanne yaliyokuwa bora kuliko ya timu yoyote msimu ule. Columbus walifanya jambo rahisi: hawakuwapa adhabu za kutosha za kuyatumia. Huu ni ugonjwa wa timu za aina hiyo. Mabao yanayotokana na filimbi ya mwamuzi ni ya kukopa, na waamuzi wa mtoano, hasa mechi ya sita na ya saba na muda wa nyongeza, filimbi huwa mfukoni. Hawataki kuamua wao. Mtu anashikwa jezi, anasukumwa mgongoni mbele ya goli, mchezo unaendelea. Nadhani ligi inakosea hapo. Kosa la Novemba linapaswa kuwa kosa la Juni. Lakini timu inayojengwa kwa kutegemea sheria itakavyopaswa kuwa, badala ya ilivyo, inajijengea nyumba juu ya mchanga.

Mfano uliochapwa vizuri kuliko wote wa kutenganisha wingi na ubora ni fainali ya Mashariki ya 2023, Carolina dhidi ya Florida. Carolina chini ya Rod Brind'Amour ni timu ya kumiliki na kupiga. Mabeki wao hurusha kutoka mbali bila kuchoka, na kwa miaka mingi wamekuwa juu kwenye msimamo kwa njia hiyo. Mechi ya kwanza, tarehe 18 Mei, ilikwenda hadi muda wa nne wa nyongeza. Matthew Tkachuk alifunga zikiwa zimebaki sekunde 13 kipindi hicho kiishe, karibu saa nane usiku kwa saa za Raleigh, na kipa wa Florida, Sergei Bobrovsky, alikuwa ameokoa mara 63. Ya pili 2-1, muda wa nyongeza, Tkachuk tena. Ya tatu 1-0. Ya nne 4-3, Tkachuk akifunga zimebaki sekunde tano hivi. Carolina walifagiliwa 4-0 kwa tofauti ya jumla ya mabao manne.

Mtu wa bahati atasema: unaona, shilingi nne. Nami nakubali kwamba timu hizo zikirudia mfululizo huo, si rahisi uishe 4-0. Lakini tazama mashuti hayo 63 yalipigwa kutoka wapi na kipa aliona nini. Shuti la beki kutoka mita 18 ambalo kipa analiona tangu linaondoka kwenye fimbo ni mazoezi kwake. Goli ni upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na kipa wa leo amevaa pedi zinazofikia inchi 11 kwa upana kila mguu. Akikuona, ameshajaza lango. Shuti hilo linakuwa hatari pale tu mtu wako amesimama mita moja mbele yake, amemziba macho, na fimbo yake iko chini tayari kukichepusha kisahani. Au kipa akitema, awepo wa kumalizia. Kusimama hapo kuna gharama. Beki anakupiga fimbo kwenye mbavu na kifundo cha mguu, mara kumi kwa usiku, na filimbi, kama nilivyosema, iko mfukoni. Watu wenye kipaji wako wengi NHL. Wenye kipaji na waliokubali kulala na barafu kwenye mbavu kwa wiki nane ni wachache, na Florida waliwakusanya kwa makusudi: Tkachuk, Sam Bennett, baadaye Brad Marchand.

Mfumo wao nao unakula polepole. Wanakirusha kisahani nyuma ya mabeki, wanakabia juu, na beki anayegeuka kukichukua anajua kuna mtu wa kilo 95 anakuja mgongoni kwake. Mechi ya kwanza beki anapokea kipigo na kutoa pasi. Mechi ya tano, baada ya vipigo 40, anaanza kuangalia bega lake kabla ya kisahani. Nusu sekunde hiyo ndiyo pasi inayokatwa. Msimu wa kawaida hulioni hili kwa sababu kesho beki huyo anakwenda kucheza na timu nyingine. Florida walifungwa fainali ya 2023 na Vegas, Tkachuk akiwa amevunjika mfupa wa kifua. Wakalichukua Kombe 2024 kwa kuifunga Edmonton mechi ya saba, baada ya kuongoza 3-0 na karibu kuzama. Wakalichukua tena 2025 dhidi ya Edmonton hiyohiyo, mechi sita, Bennett akimaliza na mabao 15 na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Mwaka 2024 tuzo hiyo ilikwenda kwa Connor McDavid wa Edmonton aliyefikisha pointi 42 (za mchezaji ni mabao na pasi za mabao), kwa upande ulioshindwa. Mchezaji bora duniani, na Kombe halipo.

Kuhusu majeraha, timu hazisemi kweli hadi msimu uishe. Taarifa rasmi ni "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini", basi, ili mpinzani asijue pa kupiga. Patrice Bergeron wa Boston alimaliza fainali ya 2013 akiwa na ubavu uliovunjika, bega lililoachia na pafu lililotobolewa. Ukiona nyota ameacha kupiga shuti la kwanza na anapasia kila kisahani, usiandike kwamba ameogopa. Subiri Julai.

Ubao wenyewe wa mchezo unabadilika pia. Barafu ya NHL ina unene wa sentimita tatu hivi na hutunzwa karibu nyuzi nne au tano chini ya sifuri. Juni ikifika, Florida au Texas, watu 18,000 wanaleta joto na unyevu ndani ya ukumbi, na dakika kumi baada ya barafu kulainishwa upya inakuwa ya mchele: kisahani kinaruka badala ya kuteleza. Visahani hugandishwa kabla ya mechi na kubadilishwa mara kwa mara kwa sababu hiyo. Pasi ndefu za chini ambazo timu za ufundi huzipenda zinaanza kudunda. Kwa enzi zilizopita ilikuwa mbaya zaidi: fainali ya Mei 1975, Buffalo dhidi ya Philadelphia, ukumbi haukuwa na viyoyozi, ukungu ukapanda kutoka kwenye barafu hadi makipa hawaoni katikati ya uwanja, na mchezo ulisimamishwa mara kadhaa ili watu wazunguke barafuni kuutawanya.

Na hizo usiku ndefu. Rekodi ni ya Machi 1936, Detroit na Montreal Maroons, muda wa sita wa nyongeza, bao moja pekee la Mud Bruneteau. Karibu na zama zetu, Agosti 2020, Tampa na Columbus walikwenda hadi muda wa tano. Kipa Joonas Korpisalo aliokoa mara 85 na akafungwa, na beki wake Seth Jones alikaa barafuni dakika 65, zaidi ya mechi nzima ya kawaida. Kocha mwenye safu mbili tu anazoziamini, huko anakufa. Anawabana nyota dakika za mwanzo, kufikia muda wa tatu hawana miguu, na bao linatoka kwa mtu ambaye jina lake mtangazaji analitafuta kwenye karatasi. Safu ya tatu, tena.

Je, mfumo wa mtoano ni wa haki? Lalamiko la kwamba bingwa wa msimu anaonewa silikubali. Anapata mechi ya saba nyumbani, hiyo inatosha. Kinachonikera ni upangaji. Tangu 2014 timu tatu za juu za kila kundi la ligi hupangwa kwanza ndani ya kundi lao, ya pili dhidi ya ya tatu, bila kujali nguvu ya kundi. Mwaka 2025 Dallas ya pointi 106 na Colorado ya 102 zilitupwa kwenye raundi ya kwanza, na Mikko Rantanen, aliyeuzwa na Colorado miezi michache kabla, akaifunga mabao matatu kipindi cha tatu cha mechi ya saba. Tamasha zuri, ila lilistahili wiki nne baadaye. Kupanga wa kwanza dhidi ya wa nane kwa pointi za upande mzima hakuhitaji hata kikao cha siku mbili.

Mwanya mwingine umezibwa. Ligi ina ukomo wa mishahara, lakini zamani ukomo huo ulihesabiwa msimu wa kawaida tu. Tampa ya 2021 ilimweka Kucherov kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu msimu mzima, ikatumia nafasi ya mshahara wake, kisha akarudi siku ya kwanza ya mtoano na kupata pointi 32. Timu ilikuwa juu ya ukomo kwa kama dola milioni 18, na yeye mwenyewe alisherehekea na fulana iliyoandikwa hivyo. Kuanzia msimu wa 2025-26 wachezaji 20 wanaovalishwa kwenye mtoano nao wanapaswa kutosha ndani ya ukomo.

Watu wa Pwani wana sababu yao ya kuipenda Detroit. Aprili 1952 ndugu wawili wauza samaki, Pete na Jerry Cusimano, walirusha pweza barafuni; wakati huo Kombe lilihitaji ushindi nane, mkono mmoja kwa kila ushindi. Detroit walishinda nane bila kupoteza hata moja, na pweza wanarushwa mpaka leo. Wajuzi humchemsha kwanza, maana mbichi huacha ute unaoharibu barafu. Kwa sasa ushindi ni 16, kwa hiyo kihesabu wangehitaji wawili. Na kwa wale wa Nairobi wanaoteleza kwenye kile kiwanja kidogo cha Hoteli ya Panari na timu ya Ice Lions, Kenya imekuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki ya barafu duniani tangu 2024, hivyo mchezo huu si wa watu wa mbali kama zamani.

Shida yetu ni saa. Mechi ya saa mbili usiku New York ni saa tisa usiku kwetu, na za Magharibi huanza saa kumi na moja alfajiri. Ile ya Raleigh iliisha karibu saa tatu asubuhi, watu wako kazini. Anayeamua kuamka asipoteze macho kwenye kisahani. Ahesabu zamu, hasa kipindi cha pili, na aangalie beki wa nani amepitisha sekunde 70 bila kutoka. Kisahani kikirushwa mwisho wa uwanja na watano wale wakarudi taratibu, mikono magotini, usiende jikoni kuongeza chai.